Mbegu ya Saga Ipo, Ila Kwa Jina Jingine: Kutafuta na Kutunza Mbegu za Mboga za Kienyeji Nairobi

Ulizia mbegu ya sukuma wiki katika agroveti yoyote ya Nairobi na utawekewa pakiti nne mezani kabla hujamaliza salamu. Ulizia mitoo, mboga ya kienyeji. Muuzaji atatazama rafu, atamtazama mwenzake, kisha atakuuliza kama hiyo ni dawa. Na mara nyingi mbegu yenyewe imo humo humo dukani, kwenye boksi nyuma ya kaunta, ila kwa jina ambalo hukulitaja.

Jina ndilo kikwazo cha kwanza, kabla ya bei na kabla ya mvua. Mji huu umejaa watu wa pande zote na kila mmoja alikuja na jina la mboga yake. Saga ni chinsaga kwa Mkisii, dek kwa Mjaluo, tsisaka kwa Mluhya, saget kwa Mkalenjin, na Kiswahili cha vitabuni huiita mgagani. Kwenye pakiti imeandikwa "Spider Plant", jina ambalo wauza maua wa barabarani nao hulitumia kwa ua la chungu lenye majani ya mistari meupe. Managu ni osuga, ni lisutsa, ni rinagu, ni mnavu. Pakiti inasema "Black Nightshade". Mrenda ni apoth au murere, na pakiti husema "Jute Mallow". Mitoo ni miro, na dukani ni "Slender Leaf". Kazi ya kuorodhesha vyakula vya asili vya Kenya, ile iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021, ilikusanya mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji, kwa hiyo si ajabu kijana wa kaunta akachanganyikiwa.

Andika majina matatu kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: la kwenu, la pakiti na la kisayansi. Lile la kisayansi linaonekana kama majivuno, lakini kwa mboga mbili ndilo linalokuokoa. Managu ni jina la zaidi ya mmea mmoja. Solanum scabrum ina majani mapana, matunda makubwa yanayoiva yakawa meusi ya zambarau, na uchungu wake ni mdogo. Solanum villosum ina majani madogo, matunda yake huiva rangi ya chungwa, na ni chungu hasa. Hiyo ndiyo shosho anayoitafuta akisema managu ya siku hizi hayana ladha. Mitoo nayo ni miwili: Crotalaria brevidens ni michungu, majani yake membamba yana kijani kinachoelekea samawati na maganda yake ni membamba, Crotalaria ochroleuca haina uchungu wa kutajika, majani yake ni kijani cha kung'aa na maganda yake yamevimba. Mtu aliyekulia kando ya ziwa akipanda ochroleuca atalaumu udongo wa Nairobi miezi mitatu, na udongo hauna kosa.

Kwa pakiti, anzia Barabara ya Kijabe, kwenye duka la Simlaw. Managu, saga, terere (yaani mchicha) na kunde huwemo mara nyingi. Mrenda na mitoo huja na kuisha. Nenda Februari, au mwanzoni mwa Septemba, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Wiki ile mvua ya kwanza inaponyesha kila mtu mjini amekumbuka kwamba ana kishamba, na utarudi mikono mitupu. Geuza pakiti usome tarehe ya kupimwa na namba ya fungu. Zile zenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwangua na utume namba kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, utajibiwa kama ni halali. Tazama pia pakiti ilikuwa imeanikwa wapi. Duka likitundika mbegu dirishani jua likizipiga toka asubuhi, tarehe ya pakiti haina maana tena, kwa sababu joto huua mbegu ikiwa kwenye karatasi yake nzuri vilevile.

Usinunue nyingi. Gramu moja ya managu ina punje zipatazo elfu moja. Kwa ua la nyumba, au magunia manne kwenye roshani, gramu tano ni za misimu miwili. Anayenunua robo kilo kwa sababu bei kwa gramu imeshuka ananunua mbegu ya kuzeekea kabatini.

Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka, ni njia ya pili, na hapo unaokota mbegu kwenye chakula. Kunde zinazouzwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, huota vizuri kama ni za msimu uliopita. Uliza mambo mawili: zimetoka wapi, na zimetiwa dawa ya fukusi? Zenye unga mweupe au kijani uliogandia kwenye ngozi zinaweza kuota, lakini zilizobaki usizirudishe jikoni. Punje zenye kitobo cha mviringo kama cha sindano, fukusi ameshakula na kuondoka. Halafu kuna swali wanalosahau wengi: hizi ni kunde za majani au za punje? Nyingi za Ukambani hukaa kichaka kifupi na hukimbilia maua. Unachuma majani mara mbili na mmea umegeukia maganda. Kunde inayotambaa ndiyo itakulisha miezi. Kwa terere, punje zenye rangi ya maziwa zinazouzwa kwa ajili ya uji ni za nafaka. Zitaota, zitarefuka kukupita, na majani yatakuwa magumu mapema. Terere ya mboga ina punje nyeusi zinazong'aa.

Njia ya tatu, na kwangu ndiyo bora kwa mboga adimu, ni mama mboga. Si yeyote. Tafuta anayeuza za kienyeji peke yake, Kangemi, Kawangware au Toi, na umnunulie kwanza. Usimkalie kwa maswali ya mbegu saa kumi na mbili jioni watu wakiwa wamepanga foleni. Asubuhi, mzigo ukiwa ndio umeshushwa, mwambie: "Mama, osuga hii imetoka wapi? Yule anayekuletea hawezi kunibakishia mashina mawili matatu yakomae, nikamlipa ya mbegu?" Neno hilo la kulipa ni muhimu. Mkulima anayeacha mmea ukomae amepoteza michumo kadhaa, na akiahidiwa bei ya fungu la mboga hana sababu ya kungoja. Mpe kiasi kinachoeleweka na muda wa kutosha, miezi miwili hivi.

Mafungu yenyewe pia huficha mbegu, hasa mwisho wa msimu mboga zinapozeeka. Kwenye saga, tazama maganda marefu membamba yaliyoanza kuwa njano. Kwenye terere, kung'uta vichwa vilivyokauka juu ya sinia. Kwenye managu, matunda ya kijani hayafai: mbegu haijakomaa, na yakiwa mabichi yana sumu, usiyaache watoto wakayachezea. Yaliyokwisha kugeuka rangi ndiyo ya kuchukua. Terere na managu yaliyong'olewa na mizizi yana bahati nyingine. Kata shina libaki sentimita 10 hadi 15, ondoa majani yote, panda jioni kwenye ndoo, weka kivuli siku tatu. Likishika, liache lichipue na lizae mbegu. Saga ukiifanyia hivyo hufa mara nyingi. Mzizi wake mkuu haupendi kuguswa.

Kuna nyingine ambazo watu huhangaika kutafuta mbegu zake bila haja. Nderema: chukua shina nene kwenye fungu, kata vipande vya sentimita 20 hadi 30, macho mawili yaingie ardhini, mwagilia. Ukipanda kwa mbegu utasubiri wiki mbili hadi tatu hata baada ya kuziloweka. Matembele ni vivyo hivyo, mche wa sentimita 30. Thabai, ile mboga inayowasha, hugawanywa mizizi; anayetoka Limuru akubebee kidonge cha udongo na mizizi kwenye karatasi, na uvae glavu au mifuko mikononi. Seveve, yaani majani ya malenge, mbegu yake umeitupa jikoni juzi.

Na hii ya kuokota miche iliyojiotea kando ya njia, iangalie kwa macho mawili. Ndulele ikiwa changa hufanana na managu mpaka miiba itokee. Mnanaha ni hatari zaidi: ni sumu, unapenda majalala ya mji, na mche wake mdogo unaweza kuingia kwenye terere bila mtu kushtuka. Fikicha jani: mnanaha una harufu nzito ya kuchukiza. Usipokuwa na hakika, uache ukomae kando na usile kitu hadi uone tunda. Tunda la mnanaha lina miiba na ni kubwa kama ndimu, hapo hakuna ubishi.

Sasa mbegu iko mkononi. Usiipande yote. Hesabu punje 50, zitandaze kwenye tishu ya jikoni iliyoloweshwa ikakamuliwa, kunja, tia kwenye kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, weka juu ya friji kwa nyuma pale penye joto. Andika tarehe kwenye kifuniko. Funua siku ya 4, ya 7 na ya 14, na kila mara toa zilizochipua uzihesabu. Zikifika 40, panda kawaida. Zikiwa 25, mwaga mara mbili ya kiasi. Zikiwa chini ya 10, usipoteze mbolea yako, isipokuwa kama ni saga au mrenda, kwa sababu hizo mbili hudanganya.

Saga ndiyo inayowavunja moyo wengi. Ishike punje moja kiganjani: ndogo, nyeusi, imejikunja kama konokono, na mgongo wake una mikwaruzo. Ikitoka kwenye ganda leo, imelala. Ukiipanda wiki ijayo itaota chache sana au isiote kabisa, na utasema umeuziwa mbegu mbovu. Inahitaji kukaa kavu miezi mitatu hadi sita baada ya kuvunwa. Ndiyo maana mbegu mbichi ya kupewa na rafiki Desemba inafeli Januari halafu inaota yote Juni kwenye kipimo cha juu ya friji. Jambo la pili, saga huota vizuri zaidi gizani. Kwa mbegu ndogo namna hiyo mtu hudhani ainyunyize juu tu kama terere; ifukie sentimita moja. Jambo la tatu ni joto. Inataka udongo wenye nyuzi joto karibu na 30, na Julai ya Nairobi haina hayo. Dawa ya mambo mawili ya mwisho ni moja: baada ya kupanda na kumwagilia, tandika karatasi nyeusi ya nailoni juu ya tuta, ibane kwa mawe. Inatia giza na inapasha udongo. Funua kila asubuhi kuanzia siku ya nne, na ukiona shingo ya kwanza imejikunja juu ya udongo, iondoe siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili utakuta miche mirefu, myeupe, imelala chali.

Mrenda una tatizo lingine. Ngozi ya punje ni ngumu, maji hayapenyi. Chemsha maji, toa sufuria motoni, funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, itumbukize, hesabu hadi kumi, itoe, iingize kwenye maji baridi. Sekunde kumi, si dakika kumi. Wengine huacha mbegu ilale kwenye maji yaliyochemshwa, na asubuhi wanapanda uji. Ukishafanya hivyo panda siku ile ile, usikaushe na kurudisha kabatini. Mrenda ni mtoto wa joto: Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Nairobi iko karibu 1,700, na tofauti hiyo unaiona kwenye majani. Ukiuotesha Juni utakaa inchi nne ukiwa na majani ya njano. Panda Oktoba au Februari, kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, na uuache upate joto la mabati ya jirani ukiweza.

Mitoo iloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi utaona zilizovimba na zisizovimba. Zilizobaki ndogo zisugue kidogo kwa msasa laini kisha uziloweke tena. Mbegu za mitoo zina sumu, kwa hiyo zisibaki sakafuni ambapo kuku au mtoto anapita. Kanzira, ndugu ya sukuma wiki, ndiyo rahisi kuliko zote. Huota siku nne au tano, hutoa maua ya manjano bila kungoja baridi, na huzaa mbegu mwaka huo huo. Sukuma wiki ya kawaida haifanyi hivyo hapa Nairobi. Inaweza kukaa miaka miwili ikirefuka kama mnazi bila ua hata moja, ndiyo maana mbegu yake tunanunua kila mara.

Kupanda kwenyewe sitakawia. Mbegu ndogo changanya na mchanga mkavu, kijiko kimoja kwa kumi, usije ukamwaga zote mahali pamoja. Mistari iachane sentimita 30, kina nusu sentimita kwa terere na managu, moja kwa saga na mrenda, tatu kwa kunde. Samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitatu ni bora kuliko ya ng'ombe mbichi, ambayo huunguza miche na kukuletea magugu ya shamba zima la mwenye ng'ombe. Mwagilia kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari mdogo. Jagi la maji likimwagwa moja kwa moja hukusanya mbegu zote mwisho wa mstari.

Zikikosa kuota baada ya kipimo kuwa kizuri, mkosaji ni mmoja kati ya wanne. Kina kupita kiasi. Udongo mweusi wa pamba, kama wa Embakasi na Syokimau, uliokauka ukafanya ganda ambalo mche hauwezi kulipasua. Funika mstari kwa mboji iliyochekechwa badala ya udongo wenyewe. Sisimizi: hao huchukua terere punje kwa punje mchana kweupe, na utaona msururu ukielekea kwenye ufa wa ukuta. Zungushia tuta jivu kavu, urudie kila baada ya mvua. Wa nne ni maji mengi. Miche inaota, siku ya sita shingo inakuwa nyembamba kama uzi pale inapogusana na udongo, inalala, inaoza. Huo si ukosefu wa mbolea, ni kuvu. Punguza miche iachane, mwagilia asubuhi badala ya jioni, usirudie udongo ule ule kwenye trei.

Anayepata mbegu adimu akala mmea wote, mwaka unaofuata yuko tena Kijabe na karatasi yake ya majina matatu. Hapa ndipo kuna kosa ambalo naona hata kwa watu wazoefu. Watu huchuma mmea mzuri, wenye majani mapana, unaochelewa kutoa maua, kwa sababu ndio mtamu. Ule uliokimbilia maua ukiwa na majani manane wanauacha, "huo utakuwa wa mbegu." Fanya hivyo misimu mitatu na umejitengenezea saga inayotoa maua ikiwa ya wiki tano. Kisha unasikia kwamba mbegu za kienyeji zimeharibika. Hazijaharibika, umezichagua hivyo mwenyewe.

Fanya kinyume. Mimea ikifika kimo cha goti, pita na nyuzi nyekundu za sufu, funga ile bora: angalau kumi kwa saga, mitano kwa terere na managu. Iliyofungwa haichumwi, hata mgeni akifika ghafla. Inayotoa maua mapema ng'oa uipike kabla haijapeana chavua na wenzake. Terere huchavushwa na upepo na huchanganyika na terere mwitu wa kando ya mtaro, kwa hiyo ng'oa huo mwitu ulio karibu, au ukubali kwamba kizazi cha tatu hakitafanana na ulichopanda. Managu hujichavusha mwenyewe kwa kiasi kikubwa, hana usumbufu huo. Mimea ya mbegu ipe nafasi ya nusu mita, na usiizidishie mbolea. Itaendelea kutoa majani na kuchelewesha maganda hadi mvua ikukute.

Mavuno ya saga ni kazi ya kila siku mbili. Maganda hukomaa kuanzia chini kwenda juu, na likikauka kabisa hupasuka na kumwaga. Chuma moja moja likiwa njano linaloelekea kahawia, tia kwenye mfuko wa karatasi, lipasukie humo. Asiye na muda avishe kichwa chote soksi kuukuu ya nailoni na kufunga kwa uzi. Mrenda na mitoo zinasubiri zaidi. Ganda la mitoo likitikiswa linalia kama kayamba, limekuwa tayari.

Managu yanataka jikoni. Chuma kikombe kimoja cha matunda laini yaliyoiva kabisa. Yaponde kwa mkono ndani ya bakuli, vidole vitakuwa vya zambarau hadi kesho yake, kisha ongeza vikombe viwili vya maji. Funika kwa kitambaa uache mahali pa kivuli. Siku ya kwanza utaona ngozi zinaelea. Siku ya pili povu limeshika ukingoni na kuna harufu ya busaa changa. Hapo inatosha, siku ya nne mbegu zitaanza kuchipua ndani ya bakuli. Uchachu huo ndio unaoyeyusha utelezi uliozunguka punje, utelezi unaozuia kuota. Ongeza maji, koroga, tulia nusu dakika. Mbegu nzima zinazama, nyepesi na nyama ya tunda zinaelea. Mwaga za juu polepole. Rudia mara nne au tano hadi maji yawe meupe na chini kumebaki punje bapa za rangi ya krimu. Zianike kwenye sahani au wavu, si gazetini, zitagandia na utazikwangua na wino. Kivulini, penye hewa, siku tatu au nne, ukizipindua kwa kidole asubuhi na jioni. Jua la saa saba juu ya bati linazipika.

Kukauka kunapimwa kwa ukucha kwa mbegu kubwa: kunde ikibonyea bado, ikipasuka tayari. Kwa ndogo, tia kwenye chupa ya kioo kavu, funga, weka dirishani saa moja; ukiona ukungu ndani ya kioo, zirudishe kwenye sahani. Kabla ya kufunga moja kwa moja, weka chini ya chupa vijiko viwili vya mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, ndani ya kitambaa, unyonye unyevu uliobaki. Kunde changanya na jivu la kuni lililochekechwa, kiasi sawa kwa sawa, na fukusi hatapata njia. Lebo iwe na jina, ulikoipata na mwezi wa kuvuna. Ulikoipata si pambo. Ukimpa mtu, ndicho cha kwanza atakachouliza.

Kumpa mtu kulikuwa na hofu yake. Chini ya sheria ya mbegu ya nchi hii, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao vinakiuka Katiba. Kwa hiyo gawa. Chupa moja ikikaa kwa watu watatu, mafuriko yakichukua yako ya South C, ya jirani wa Rongai ipo. Wanaotaka kwenda mbali zaidi, hifadhi ya taifa ya vinasaba vya mimea iko Muguga, chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, na Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center kinachotunza na kuboresha mboga za Kiafrika.

Ukiweka chupa kwenye friji, sawa, mradi mbegu ni kavu kweli. Siku ya kupanda, itoe jioni na usiifungue hadi asubuhi ikishapata joto la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya jikoni huganda maji juu ya punje, na zile utakazorudisha ndani zitakuwa na ukungu kabla ya mvua za Oktoba.